Gemu Iliyokwisha Isiyokwisha: Jinsi Studio Ndogo ya Cyan Inavyoendelea Kuihudumia Myst

Mnamo Septemba 1993 studio ndogo ya Cyan, yenye makao yake Mead, nje kidogo ya jiji la Spokane katika jimbo la Washington nchini Marekani, ilitoa gemu ya mafumbo iliyoitwa Myst. Waliobuni kazi hiyo walikuwa ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, na kampuni ya Brøderbund ndiyo iliyoichapisha na kuisambaza. Iliuza zaidi ya nakala milioni 6, na hadi mwaka 2002, ilipopitwa na The Sims, hapakuwa na gemu ya kompyuta iliyouzika kuliko hiyo. Zaidi ya miaka 30 imepita tangu wakati huo, na studio ile ile bado inaitolea masasisho. Mtu asiye wa fani hii ana haki ya kuuliza ni kazi gani iliyobaki. Hadithi ilishaandikwa, mafumbo yalishatungwa, na majibu yake yamejaa kwenye intaneti. Kwa nini basi watu wachache, wasio na fedha nyingi, wanaendelea kulipwa mishahara kwa kuishughulikia kazi iliyokwisha?

Ugumu wa swali hilo unaanzia kwenye neno moja, usaidizi, ambalo hutumika kwa shughuli ambazo hazifanani hata kidogo. Kuna kurekebisha hitilafu, yaani mlango usiofunguka au gemu inayozima ghafla mchezaji anapopanda ngazi fulani. Kuna kuhakikisha kwamba gemu inawaka kwenye kompyuta ambazo hazikuwapo ilipotengenezwa. Na kuna kuiongezea kitu kipya: sehemu ya kutembelea, namna nyingine ya kucheza, lugha nyingine. Wachezaji wengi wanaposikia kwamba studio inaihudumia gemu yake huwaza ile ya kwanza, ambayo kwa kweli ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo inayoisha mapema. Zile mbili nyingine ndizo zinazokula miaka, na ndizo zinazoamua kama studio ndogo itaendelea kuwapo au itafunga milango.

Gemu za mafumbo zina tatizo ambalo gemu za mpira au za mapigano hazina. Anayecheza mpira kwenye skrini hurudi kila jioni kwa sababu mechi ya leo si ya jana, na studio iliyoitengeneza inaweza kumuuzia jezi, wachezaji wapya na msimu mpya. Fumbo halina jioni ya pili. Ni kama kitendawili kinachotegwa barazani: kikishateguliwa, hakuna faida ya kuwatega tena watu wale wale, kinasubiri wasikilizaji wengine. Aliyekwisha kugundua jinsi ya kuufikia mnara wa saa uliozungukwa na maji katika kisiwa cha Myst hawezi kuusahau ugunduzi huo kwa hiari yake ili aufurahie upya. Kwa hiyo studio ya gemu za mafumbo ikisema inaihudumia kazi yake, kwa sehemu kubwa inamaanisha kwamba inalipeleka fumbo lile lile mbele ya macho ambayo hayajaliona, na macho hayo kwa kawaida yanatazama mashine nyingine. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha suala zima, na ndipo wachambuzi wengi wanapopita haraka mno.

Ili kuelewa kwa nini kuhamia mashine nyingine si jambo jepesi, inafaa kuitazama Myst ya 1993 kwa karibu. Iliundwa kwa HyperCard, programu ya Apple iliyomwezesha mtu kupanga kadi zenye picha na maandishi na kuziunganisha kwa kubofya. Kila mahali mchezaji aliposimama palikuwa na kadi yake. Kubofya mbele kulimaanisha kubadilisha kadi. Picha zilikuwa takriban 2,500, kila moja ikiwa na upana wa pikseli 544 na urefu wa pikseli 333, na rangi zisizozidi 256 kwa sababu skrini nyingi za wakati huo hazikuonyesha zaidi ya hapo. Video ndogo zilizokaa ndani ya kurasa za vitabu zilichezwa kwa QuickTime, programu ya video ya Apple. Mzigo wote huo ulikuwa kwenye diski ya CD, na visomeo vya CD vya miaka ile vilikuwa vya polepole kiasi kwamba mahali picha ilipowekwa kwenye diski paliweza kuamua kama mchezaji angesubiri au la.

Kila kiungo kati ya hivyo kimekufa kwa wakati wake. Apple iliacha kuuza HyperCard mwaka 2004. Mwaka 2006 ilianza kuuza kompyuta zenye vichakataji vya Intel, na mwaka uliofuata mfumo wake mpya ukaacha kabisa kuendesha programu za Mac za zama za HyperCard. Simu za iPhone zilikataa programu za biti 32, yaani zilizoandikwa kwa vichakataji vya kizazi cha zamani, kuanzia mwaka 2017, na kompyuta za Mac zikafuata mwaka 2019. Mwaka 2020 Apple ikageuka tena, ikaingiza vichakataji vyake yenyewe. Windows imekuwa na huruma zaidi kwa programu kongwe, ingawa nayo haikosi vikwazo. Katika mlolongo huo wote hakuna aliyeharibu hata mstari mmoja wa Myst. Gemu ilibaki kama ilivyokuwa, na ardhi iliyokuwa chini yake ndiyo iliyohama. Mteja aliyeinunua na kuikuta haifunguki hatailaumu Apple. Atamwandikia aliyeitengeneza gemu, na atataka jibu.

Zipo njia mbili za kukabiliana na hali hiyo. Ya kwanza ni kuacha gemu kama ilivyo na kuitengenezea mkalimani. Programu huria iitwayo ScummVM, inayoendelezwa na watu wanaojitolea, husoma mafaili ya gemu za zamani na kutekeleza yale ambayo programu asilia ingeyatekeleza, bila kuhitaji mashine ya zamani. Matoleo ya zamani ya Myst na ya Riven, gemu iliyoifuata mwaka 1997 ikiwa kwenye diski 5, yanaendeshwa kwa ScummVM hata kwenye nakala zinazouzwa madukani sasa. Faida yake ni kubwa, kwa sababu mkalimani mmoja akihamishiwa kwenye mfumo mpya, mamia ya gemu huhama naye. Hasara yake ni kwamba kinachohifadhiwa ni kile kile cha zamani: picha ndogo, rangi chache, mwendo wa kadi kwa kadi. Mtafiti atashukuru. Kijana wa miaka 20 aliyezoea kutembea kwa uhuru ndani ya gemu ataifunga baada ya dakika 10.

Njia ya pili ni kujenga upya, na Cyan imeijenga Myst upya zaidi ya mara moja. Mwaka 2000 ilitoka realMyst, ambamo mchezaji aliweza kutembea kokote badala ya kuruka kutoka picha hadi picha. Iliundwa kwa injini, yaani programu ya msingi ambayo gemu hujengwa juu yake, iitwayo Plasma, ambayo Cyan iliimiliki. Mwaka 2014 likatoka toleo jingine la realMyst kwa injini ya Unity. Mwezi Desemba 2020 kisiwa kilijengwa kwa mara nyingine kwa Unreal, safari hii kwa ajili ya miwani ya uhalisia pepe ya Oculus Quest, na mwezi Agosti 2021 toleo hilo likafika kwenye kompyuta za kawaida.

Anayesikia maneno “kujenga upya” hudhani ni kupaka rangi. Katika Myst ya picha, msanii alihitaji kutengeneza tu kile kilichoonekana mahali kamera iliposimama. Nyuma ya ukuta hapakuwa na kitu, wala juu ya kabati, wala chini ya daraja. Mchezaji akiruhusiwa kutembea kwa uhuru, kila upande wa kila kitu unapaswa kuwapo, na taa zinapaswa kuangaza vizuri kutoka kila pembe. Zaidi ya hapo, mafumbo yenyewe hutikisika. Mtunzi wa fumbo la picha alijua kwa hakika mchezaji anatazama nini, kwa sababu ndiye aliyemwekea picha mbele yake. Kama dokezo lilikuwa kwenye ubao juu ya meza, picha ya meza ililionyesha dokezo hilo, na haikuwezekana kulikosa. Mtu anayetembea apendavyo anaweza kuupita ubao huo akitazama dirishani, au akaona kwa mbali kitu ambacho mtunzi alitaka akione mwishoni. Fumbo lile lile, lenye jibu lile lile, likawa gumu zaidi au jepesi zaidi bila yeyote kukusudia.

Miwani ya uhalisia pepe iliongeza masharti yake. Skrini ya Quest ya kwanza ilionyesha fremu, yaani picha moja moja, 72 kwa sekunde, na kila fremu huchorwa kwa ajili ya macho mawili, kwa kutumia kichakataji cha aina ya simu kilichomo ndani ya miwani yenyewe. Fremu zikipungua mchezaji hupata kizunguzungu, kwa hiyo maumbo hupunguzwa na vivuli huandaliwa mapema badala ya kuhesabiwa papo hapo. Mikono nayo ilihitaji kufikiriwa. Wenzo ambao mwaka 1993 ulibofywa mara moja sasa unashikwa na kuvutwa, kwa hiyo lazima uwe kwenye kimo ambacho mtu mfupi, mtu mrefu na mtu aliyeketi kitini wote wanaufikia. Kwa studio kubwa hayo ni kazi ya idara kadhaa. Kwa studio yenye watu wachache, aliyerekebisha wenzo asubuhi huenda ndiye anayejibu barua za wateja mchana.

Pamoja na yote hayo, toleo la 2020 lilileta jambo ambalo binafsi naliona kuwa la werevu kuliko ubora wote wa picha: mchezaji anaweza kuchagua mafumbo yabadilishwe kwa nasibu. Aliyekariri namba za zamani, au aliyezinakili kutoka kwenye intaneti, hakuti mlango ukifunguka. Kwa maneno, hilo ni jambo dogo. Katika utekelezaji, kila jibu lina dokezo lake mahali fulani, na pengine zaidi ya moja: ukurasa wa kitabu, alama ukutani, sauti inayosikika kwa mbali. Ukibadilisha namba ya kufuli, lazima ubadilishe kila mahali namba hiyo inapodokezwa, uhakikishe kwamba namba mpya inasomeka, na uhakikishe kwamba katika mpangilio wowote unaoweza kutokea gemu bado inamalizika. Mjaribu mmoja akipita mara moja hajathibitisha lolote, kwa sababu mchezaji anayefuata atapata mpangilio mwingine. Kwa njia hii Cyan ilifanya kile nilichosema hapo juu kuwa hakiwezekani: ilimpa aliyekwisha kulitegua fumbo sababu ya kulitegua tena.

Katika Riven, iliyojengwa upya na kutolewa Juni 2024, walikwenda mbali zaidi. Baadhi ya mafumbo makuu hayakubadilishwa namba tu, yalitungwa upya kwa msingi mwingine, ilhali visiwa na hadithi vilibaki kutambulika. Wahusika waliokuwa waigizaji wa video mwaka 1997 wakawa wahusika wa pande tatu, lakini sauti zao zikabaki zile zile zilizorekodiwa zamani. Wapo mashabiki walioona kwamba kugusa mafumbo ya Riven ni kuvuka mpaka. Kwa upande wangu naona pingamizi hilo halina nguvu sana maadamu toleo la 1997 bado linauzwa na bado linachezeka. Lingekuwa na nguvu kama jipya lingeliondoa la zamani sokoni.

Fedha ndizo zinazofanya mambo yote haya kuwa magumu. Gemu ya aina hii huuzwa mara moja. Mteja hulipa, duka kama Steam kwa kawaida huchukua asilimia 30, na kinachobaki ndicho kinacholipa mishahara. Baada ya hapo mteja hadaiwi kitu, ilhali studio inadaiwa naye kwa muda usiojulikana. Cyan imewahi kuiongezea Myst mpya dunia nzima ya Rime, moja ya sehemu ambazo mchezaji hufika kupitia vitabu vya ndani ya gemu, ambayo ilikuwa imeonekana kwenye realMyst ya 2000, bila kumtoza aliyekwisha kununua gemu hata senti moja. Ukitazama juujuu ni ukarimu, na bila shaka ukarimu umo. Lakini sasisho kubwa huirudisha gemu kwenye vinywa vya watu, huipa duka sababu ya kuionyesha tena, na huwafikia wale walioiweka kwenye orodha ya kununua baadaye. Anayelipia Rime si mchezaji wa zamani aliyeipata bure; ni mgeni anayenunua Myst kwa mara ya kwanza kwa sababu wa zamani wanaizungumzia.

Chanzo kingine cha fedha kimekuwa uchangishaji. Mwaka 2013 Cyan iliomba dola milioni 1.1 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha kwa umma, ili kutengeneza gemu mpya ya Obduction, ikapata dola 1,321,306. Gemu hiyo ilitoka Agosti 2016 kwenye Windows, halafu kazi iliyofuata ikawa kutimiza yaliyosalia: uhalisia pepe mwaka huo huo, kisha Mac na PlayStation 4 mwaka 2017. Mtu aliyechangia miaka minne kabla akisubiri toleo la Mac hakuiona kazi hiyo kuwa usaidizi wa ziada, aliiona kuwa deni, na sidhani kwamba alikosea. Uchangishaji huleta fedha kabla ya kazi, ambalo ni jambo zuri, ila pia huiandikia studio orodha ya majukwaa ambayo lazima iyahudumie hata kama mauzo yake hayatarudisha gharama.

Chaguo la injini nalo ni suala la fedha zaidi ya utaalamu. Injini ya nyumbani kama Plasma haimpi mtu mwingine uwezo wa kukubadilishia masharti, lakini Windows ikibadilika hakuna atakayekurekebishia. Injini ya kukodi kama Unity au Unreal hukuletea marekebisho hayo tayari, ila mwenye mali anaweza kubadili bei: Septemba 2023 Unity ilitangaza ada mpya iliyohesabiwa kwa kila gemu inayosakinishwa, ikazua hasira kubwa miongoni mwa studio ndogo duniani, na mwaka mmoja baadaye ikaifuta.

Haki miliki ni kikwazo kingine, kisichoonekana kwenye skrini. Myst III ya 2001 ilitengenezwa na Presto Studios, na Myst IV ya 2004 ilitengenezwa na Ubisoft, kwa hiyo Cyan haikuweza kuzishughulikia ilivyopenda ingawa hadithi ni yake. Ni mwaka 2018, Myst ilipotimiza miaka 25, ndipo makubaliano yalipowezesha mfululizo wote kutolewa pamoja ukiwa umerekebishwa kuwaka kwenye Windows za kisasa, kwa mchango wa Kickstarter uliofikia takriban dola milioni 2.8. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kumsaidia mchezaji wa Myst IV angeweza kuwa na ujuzi wote na bado akakosa ruhusa.

Wala haifai kudhani kwamba studio iliyodumu muda huu wote imekuwa salama. Septemba 2005, Myst V ilipokuwa inakaribia kutoka, Cyan iliwaachisha kazi karibu wafanyakazi wote, kisha baada ya wiki chache ikapata fedha na kuwarudisha wengi wao. Machi 2025 ilitangaza kuwaachisha watu 12, karibu nusu ya kikosi, chini ya mwaka mmoja baada ya Riven kutoka na kupokewa vizuri na wahakiki. Anayejua kwa nini wenzo fulani unakwama kwenye miwani fulani mara nyingi ni mtu mmoja, na akiondoka huondoka na ujuzi huo, hata kama msimbo unabaki.

Jibu la sehemu kwa tatizo hilo Cyan ilikuwa imeshalijaribu kwenye gemu nyingine ya mfululizo huo, Uru, iliyotolewa Novemba 2003. Uru ilikusudiwa kuwa na upande wa mtandaoni ambamo wachezaji wangekutana na kupewa sehemu mpya mara kwa mara, lakini Ubisoft iliufuta upande huo Februari 2004 kabla haujazinduliwa rasmi. Baadaye mwaka huo Cyan iliwapa mashabiki programu ya seva ili waendeshe wenyewe. Mwaka 2007 huduma ilifufuliwa chini ya GameTap, huduma ya gemu za mtandaoni, ikafungwa tena Aprili 2008. Februari 2010 Cyan, ikiwa imerudishiwa haki zake, iliifungua bure kwa yeyote, gharama za seva zikilipwa kwa michango ya hiari, na Aprili 2011 ikatoa msimbo wa Plasma kwa leseni huria ya GPL, toleo la 3, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha. Tangu hapo mashabiki wamekuwa wakirekebisha hitilafu ambazo studio isingepata muda wa kuzigusa, na dunia walizozitunga zimeingizwa kwenye seva rasmi.

Mpango huo una mipaka yake. Kilichofunguliwa ni injini. Picha, sauti na dunia asilia zimebaki mali ya Cyan, na kila dunia mpya inayotungwa na mashabiki hupitiwa na Cyan kabla ya kuwekwa kwenye seva hiyo. Myst na Riven mpya, zilizojengwa kwa Unreal, hazina mpango wa namna hiyo. Marekebisho yake yanatoka Mead peke yake, kwa watu waliobaki, na kwa fedha za wateja wanaozinunua sasa.